Swali la Nne la Bwana Mkaguzi

Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa, na yeyote anayeniambia kwamba mtihani wa mdomo hupima Kiingereza namwambia anyamaze kwanza, anisikilize. Mimi nilikuwamo chumbani. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya meza, mikono magotini, nikaona kijana aliyejua Kiingereza kuliko mimi mwalimu wake akiandikwa kuwa hakijui. Nilikuwa na neno la kumwokoa, nikalimeza. Nitaisimulia yote, na pale nitakapoonekana mbaya msijisumbue kunitetea.

Naitwa Hatibu Kombo. Babu yangu alitoka Pangani na misafara, akaishia Biharamulo akiuza chumvi na kaniki, na sisi wajukuu tukazaliwa chini ya lile boma la Wajerumani tukijiita watu wa pwani, na bahari hatujapata kuiona. Waingereza walipoishika nchi walitaka watu wa kufundisha. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani kwetu, Kiingereza nikakiokota kidogo kidogo kwa karani mmoja wa boma, nikaajiriwa shule ya serikali. Wanafunzi wetu walikuja na Kisubi chao, Kizinza chao, Kihangaza chao. Hicho Kiswahili tu kilikuwa mgeni mdomoni mwao, mtoto anakwambia "jana nilirara njaa," na juu ya mgeni huyo tukawaletea mgeni mwingine.

Nyandwi alifika kwetu mwaka wa pili wa vita, akitokea Mugoma, huko Ngara karibu na mpaka wa Warundi. Kwa mapadri alikuwa amemaliza darasa la nne, na hawakuwa na la tano. Alitembea siku nne na mama yake, wakipita mapori ya mbung'o pamoja na wasafiri wengine, maana peke yako hupiti. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mama yake, Domisiana, alikuwa mjane, rozari shingoni, kikapu cha maharage kichwani. Maharage yalikuwa yangu mwalimu. Nikayapokea, nikamkaribisha mkekani, na kama mtu wa adabu nikamuuliza habari za nyumbani. Nikamuuliza pia amejaaliwa watoto wangapi.

Akainamisha uso. "Turiho, mwalimu," akasema. Yaani tupo.

Mimi na ujinga wangu nikarudia, nikidhani Kiswahili hakimwingii. Watoto, mama, wangapi? Nikamwonyesha vidole. Basi yule mama akanyoosha mkono, akavifunika vidole vyangu kwa kiganja chake, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asishike moto. Akaniambia, "Mwalimu, kwetu watoto walio hai hawahesabiwi. Ukiwahesabu, yule anayechukua anajua waliobaki. Waliokufa unaweza kuwahesabu, hao wamekwisha kuchukuliwa. Huyu jina lake Nyandwi, maana yake ni wa saba kuzaliwa. Jina linasema amekuja wa ngapi. Halisemi tumebaki wangapi."

Sikucheka. Kwetu pia bibi yangu alikuwa na yake, hatufagii usiku, hatupigi mluzi ndani. Nikamwambia, "Mama, nimekuelewa. Hapa shuleni mwanao hatahesabiwa." Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na yeye akashukuru, akaondoka na wale wasafiri wake kesho yake.

Ahadi hiyo niliitimiza kwa namna yangu. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa na ukurasa wa habari za nyumbani: una kaka wangapi, una dada wangapi, baba yako ana ng'ombe wangapi. Kila nilipofika hapo, watoto wa Ngara na wengi wa Biharamulo walifunga midomo. Mwaka wangu wa kwanza niliwachapa kwa hilo, Mungu anisamehe. Baada ya Domisiana nikaanza kuuruka ukurasa. Lakini kwenye ripoti ya mwaka, ile inayokwenda kwa wakubwa Mwanza, sikuandika kwamba nimeuruka wala kwa nini. Niliandika kwamba kitabu kimefundishwa chote, na kwamba wanafunzi wa shule hii wameachana na ushirikina wa wazee wao. Nilijua sentensi hiyo watu wa Mwanza wataipenda. Waliipenda.

Nyandwi, wallahi, sijapata mwanafunzi kama yeye. Neno alilisikia mara moja tu, jioni unalikuta kwenye daftari lake limekaa mahali pake. Alikuwa akinijia barazani nyumbani akiwa na swali, "Shikamoo, mwalimu," nami naona haya kwa sababu jibu silijui. Mara nyingine nilimwambia nitalitafuta, nikatumaini atalisahau. Hakusahau hata moja. Mpwa wangu Hasani, mtoto wa dada yangu Sharifa, alikuwa darasa hilo hilo, na Hasani, nampenda, lakini kichwa chake kilikuwa gumzo tupu. Alijua kusema asubuhi njema kwa Kiingereza, akalisema mpaka jua linazama.

Ukaja mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na tatu. Mjapani alikuwa ameshazichukua nchi za mashariki zilizokuwa zikitoa kamba, na mkonge wetu ukatakiwa kwa nguvu. Machifu waliagizwa watoe vijana, na mgambo wakapita kila kijiji wakikamata wa kupeleka huko Tanga na Morogoro kuwa manamba, vibarua wa mkonge. Mwanafunzi haguswi. Ukiwa na kadi ya shule mfukoni, mgambo anakupita anatafuta mwingine. Nyandwi alikuwa amefika miaka kumi na saba hivi, darasa lake la mwisho kwetu. Akipita mtihani anakwenda shule kubwa, anaendelea kuwa mwanafunzi. Akianguka, kwa umri wake harudii, kadi anairudisha, na Mugoma mgambo wanamsubiri. Yeye alijua, mama yake alijua, mimi nilijua kuliko wote.

Bwana mkaguzi alikuja na lori, mtu wa makamo, si mkali, ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri. Asubuhi ile alinikalisha akanieleza mtihani. Imla na insha, alisema, hazitoshi, watoto hawa wana kumbukumbu ya ajabu, wanakariri kitabu kizima kama kasuku bila kujua kinasema nini. Yeye atawauliza kwa mdomo habari za maisha yao. "Mtu hawezi kukariri maisha yake," akasema. Asiyeweza kujibu maswali mepesi ya nyumbani kwake, hata insha yake iwe nzuri namna gani, hampitishi. Kisha akanipiga bega. Ripoti yangu ameisoma, hasa pale pa ushirikina, na jina langu amelipeleka nipewe ualimu mkuu. Nikasema asante bwana. 

Hasani aliingia kabla ya Nyandwi. Akaulizwa ana ndugu wangapi. Swali hakulielewa, nilimwona usoni, ila alijua kinatakiwa kitu cha hesabu. Akasema kumi na nne. Dada yangu Sharifa ana watoto watatu. Bwana mkaguzi akacheka, akasema familia kubwa hiyo, akatia alama ya vema.

Akaingia Nyandwi. Imla yake ilikuwa mezani, haina kosa hata moja, na mkaguzi alikuwa akiigeuzageuza kama mtu aliyepewa noti anayoitilia shaka. Swali la kwanza, jina. La pili, anatoka wapi. La tatu, amefikaje Biharamulo. Nyandwi akamweleza. Akasema walitembea siku nne, usiku wa pili waliwasha mioto minne wakalala katikati, na pale Nyakanazi, palipokuwa pori tupu wakati huo, waliona nyayo za simba zimepita juu ya nyayo zao wenyewe. Kiingereza chake kilitoka polepole, kimenyooka. Mkaguzi akaweka kalamu chini akamsikiliza. Moyo wangu ukatulia, nikafikiri, mtoto amepona.

Swali la nne: "Una kaka na dada wangapi nyumbani?"

Nyandwi akanitazama mara moja tu, kisha akatazama meza. "Tupo, bwana," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo, mpo. Wangapi?"

"Yupo dada yangu, anaitwa Ildefonsa. Anapenda kuimba kanisani."

"Sikuuliza jina lake. Nimeuliza mko wangapi." Mkaguzi sasa alikuwa anasema kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama watu wanavyosema na kiziwi. Akainua vidole. Mmoja, wawili, watatu. Nikaona macho ya Nyandwi yamekwama kwenye vile vidole, na jasho linamtoka juu ya mdomo. Mkaguzi akadhani amemwekea jambo gumu, akalegeza. Basi, baba yako ana ng'ombe wangapi? Kimya. Ng'ombe nao hawahesabiwi, na baba mwenyewe alikwisha kufa. Basi, ndani ya nyumba yenu wanalala watu wangapi? Kimya.

Ndipo akanigeukia mimi. "Mwalimu, swali analielewa?"

"Analielewa, bwana."

"Basi kwa nini hajibu?"

Hapo, jamani. Ningeweza kumwambia. Sentensi ile niliijua kwa Kiingereza, nilikuwa nimeshaitafsiri kichwani mara nyingi nikiuruka ule ukurasa. Lakini ningeisema, angeniuliza, Hatibu, si uliandika kwamba wameachana na haya? Na ukurasa wa nyumbani si uliandika umefundishwa? Nikaiona ripoti yangu. Nikauona ualimu mkuu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na heshima ya mji, na nilimwogopa mzungu yule ambaye hata hakuwa mkali.

"Sijui, bwana," nikasema.

Akaandika. Karatasi ilikuwa karibu yangu, nikaisoma kichwa chini miguu juu: Anakariri vizuri sana. Haelewi.

Nje Nyandwi alinisubiri chini ya paa la bohari. Nilimwendea na hasira, na hasira ile ilikuwa ya kujificha tu, najua sasa. Nikamwambia, wewe mtoto una nini, ungetaja namba yoyote, Hasani ametaja kumi na nne, ungesema hata ishirini, nani angekwenda Mugoma kuhakikisha. Akanisikiliza mpaka nikachoka.

"Hata ishirini ni kuhesabu, mwalimu," akasema. "Ildefonsa ana homa. Mtu aliyetumwa na mama alifika juzi. Ningetaja namba yoyote, naye akafa, ningesema nini nyumbani?"

Nikageuka niende zangu.

"Lakini mwalimu ulijua," akasema. "Mama alikwambia. Ungemwambia tu."

Alisema kwa adabu, mikono nyuma, kama anayeomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Nikamwambia aende bwenini. Sikulala vizuri wiki ile, nikamwambia mke wangu ni malaria.

Majina yalikuja baada ya wiki tatu. La Hasani lilikuwamo. Nikampelekea dada yangu habari, wakachinja kuku, nikala. Nyandwi alirudisha kadi yake ya shule mezani kwangu, imefungwa kwenye kitambaa isichafuke, akaenda kwao. Nilijiambia labda mgambo hawatamwona. Nilijiambia mambo mengi mwaka ule.

Walimwona kabla mahindi hayajakauka. Nilijua kwa sababu manamba wa Ngara waliletwa Biharamulo kupandishwa lori, wapitishwe Nyakanazi na Kahama mpaka kwenye treni Isaka. Nilikuwa natoka dukani kwa baba. Vijana walikuwa wamechuchumaa safu mbili barabarani, na nyapara anapita na fimbo akimgusa kila mmoja utosini na kutaja namba yake kwa sauti, na karani nyuma yake anaandika. Ishirini na tisa. Thelathini. Nyandwi alikuwa wa thelathini na moja. Fimbo ilipomgusa alifumba macho, akayafumbua wakati nyapara ameshapita wawili mbele. Akaniona.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Nikamwitikia marahaba. Nilikuwa na sukari mkononi, nusu ratili, nikampa. Ndicho nilichompa. Lori likaondoka, nami nikasimama barabarani nikilia, watu wananitazama, sikujali.

Mkonge ulimla miezi minane. Barua ilikuja bomani kwa Kiingereza, imeandikwa na mtu wa shamba, kwamba kibarua namba fulani amekufa kwa kuhara damu na amezikwa huko huko, na pamoja na barua kipande chake, ile kadi ya kazi yenye siku alizofanya zimekatwa kalamu. Jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya. Mkalimani wa boma alikuwa mgonjwa, bwana shauri, mzungu wa boma, akaagiza mwalimu mkuu wa shule aitwe, amsomee mama wa marehemu na kujaza karatasi ya kifo. Mwalimu mkuu nilikuwa mimi.

Domisiana alikuwa ametembea tena zile siku nne. Alikaa sakafuni ingawa kulikuwa na benchi. Binti yake alibaki barazani, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, mwembamba, na ile homa ilikuwa imemwachia macho makubwa. Nilimsomea barua kwa Kiswahili, kisha kwa Kihangaza changu kibovu ili asibaki na shaka. Hakulia mbele yetu. Alikiomba kile kipande, akakishika, akakigeuza, akanirudishia.

Bwana shauri alikuwa kijana, mgeni wa wilaya, amekaa mezani akiandika mambo yake. Mimi nikajaza karatasi. Jina la marehemu, nikalisahihisha. Baba. Kabila. Dini. Kijiji. Kisha mstari wa chini, kwa herufi zilizopigwa chapa: idadi ya ndugu wa marehemu walio hai.

Kalamu ilinisimama mkononi. Domisiana alikuwa akinitazama, na nadhani aliona usoni mwangu ni swali gani.

"Andika waliokufa," akasema, kabla sijafungua kinywa. "Hao nitakuhesabia. Ndayisaba. Privatus. Deodata. Koleta. Wawili waliokufa kabla ya kubatizwa. Na sasa Nyandwi. Saba." Alihesabu kwa vidole, sauti haitetemeki, na alipofika cha saba akavikunja vyote akaweka ngumi mapajani. Hakugeuka kutazama barazani. Mimi nilitazama, Ildefonsa alikuwa anachora vumbi kwa kidole cha mguu.

Ule mstari nikauacha wazi. Nikapeleka karatasi mezani.

Bwana shauri akaipitisha macho. "Hapa hukujaza," akasema kwa Kiingereza.

"Kwao watoto walio hai hawahesabiwi, bwana," nikasema. "Si kwamba hajui. Ni mwiko."

"Ah. Sikujua," akasema. "Basi tia kistari."

Nikatia kistari. Akagonga muhuri, akarudi kwenye kazi zake. Hata hakuinua kichwa.

Domisiana alikuwa amesimama, anajifunga kanga vizuri kwa safari. Akaniuliza nimemwambia nini yule bwana, mbona amekubali upesi hivyo. Nikamwambia: nimemwambia kwamba kwenu hamhesabu watoto. Sijui kama Nyandwi alipata kumsimulia mama yake mambo ya siku ile ya mtihani. Sijui mpaka leo, na sikuthubutu kuuliza. Alinitazama muda, kisha akamtazama mzungu aliyeinamia karatasi zake, kisha mimi tena.

"Kumbe wanaambilika," akasema. Akatoka barazani, akamshika Ildefonsa mkono, wakashika njia ya kwao.